Nta Nyekundu Juu ya Breki

Weka dau lolote, hutaamini: fundi aliyetengeneza kila rili ya kuvulia papa katika bandari ile, kwa miaka thelathini na moja, hakuwahi kuvua hata dagaa. Samaki aliowajua ni wa kwenye sahani, tena wawe wameshatolewa miiba. Baharini aliingia mara moja tu, akiwa kijana wa miaka ishirini, akarudi amekishika kichwa chake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai bovu, na viatu vya mwenye boti vikawa havifai tena kuvaliwa. Toka siku hiyo akatangaza kwamba yeye na bahari wameachana kwa amani, kila mmoja abaki kwake.

Jina lake la kweli hata majirani walishalisahau. Walimwita Sikio. Alikuwa akikwambia usimwonyeshe rili yako kwa macho, mletee sikioni. Unauzungusha mkono wake mara tatu, yeye kafumba macho, halafu anakupa ugonjwa wake: gia ya pili, jino la nne, limeliwa na chumvi. Unafungua, na kweli, jino la nne limeliwa. Mara nyingine unafungua unakuta jino zima kabisa. Hapo Sikio hasemi amekosea. Anasema rili imemdanganya.

Shuleni alitoka darasa la tano, na yeye alisema aliiacha shule, shule haikumwacha. Alianzia kwenye baiskeli. Siku moja mteja akamletea kitu kimefungwa kwenye taulo, kizito, cha duara, kina mkono pembeni. Sikio akakigeuza akadhani ni kitovu cha gurudumu la baiskeli kilicholishwa kupita kiasi. Mteja akamwambia hiyo ni rili, ndani yake unaingia uzi wa mita mia tano, na kazi yake ni kumshika papa asiondoke na fimbo, na kiti, na mtu aliyekaa kwenye kiti. Sikio akaifungua juu ya gazeti. Ndani akakuta gia za shaba, springi, skrubu zilizofungwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa na subira, na katikati pete bapa za ngozi zimepangwa na pete za chuma, moja juu ya moja, kama chapati chini ya kawa. Hiyo ndiyo breki. Papa akivuta, pete zinasuguana, uzi unatoka kwa shida, papa anachoka. Sikio alikaa na ile rili siku tatu. Baiskeli za watu zikangoja.

Klabu ya wavuvi ilimpa chumba kirefu nyuma ya jengo, kilichokuwa stoo ya injini. Humo alipanga fimbo arobaini za kuvulia, mali ya klabu, zote za zamani, nene kama miimo ya milango, zenye magurudumu madogo ya kupitishia uzi. Kila fimbo na rili yake, na rili yenyewe si ndogo, ni sufuria ya kupikia familia. Mbavu zake nyeusi, ngumu kama pembe, zimezungushiwa shaba. Mezani palikuwa na jiriwa la kubania vyuma, tupa nne, msasa, makopo ya grisi, na redio iliyoshika stesheni moja tu. Watengenezaji wa rili hizo walishafunga viwanda zamani, kwa hiyo kipuri usipokitengeneza mwenyewe, huna. Skrubu alizichonga. Springi alizikunja. Ngozi za breki alizikata kwenye mikoba.

Habari ya mikoba muulize mke wake. Mama wa watu alikuwa na mkoba mmoja mzuri, ngozi laini ya kahawia, wa kuendea harusini. Jumamosi moja anafungua kabati anakuta mkoba una matundu sita ya mviringo, safi, kama umetobolewa na panya aliyesoma hesabu. Akamwuliza mumewe. Sikio, bila kuinua macho kwenye chai, akasema, "Mama watoto, mkoba wako sasa hivi uko baharini umemshika papa wa kilo mia mbili. Mkoba wa mwanamke gani mwingine mtaa huu umefika huko?" Hakuomba radhi. Hakuwa na kawaida hiyo, na mke aliishia kununua mikoba ya plastiki.

Sasa, jambo lenyewe ni breki. Fundi wa kawaida anatengeneza breki, anakurudishia rili, unaikaza mwenyewe utakavyo. Pembeni ya mkono kuna chuma chenye ncha tano kama nyota, ukikizungusha mbele breki inakaza, ukikirudisha inalegea. Sikio hakutaka uguse. Alikuwa akiifunga fimbo kwenye jiriwa, anajaza uzi mpaka juu, ncha ya uzi anaifunga kwenye mizani ya kuning'iniza, halafu anavuta taratibu akisoma kilo. Kama uzi unakatika kwa kilo thelathini na sita, breki lazima iachie kwa kumi na mbili. Theluthi. Ikifika hapo sawasawa, anawasha mshumaa wa nta nyekundu, anadondoshea nta juu ya ile nyota ili isizunguke, na kabla haijapoa anaigonga mhuri kwa kifungo cha koti chenye matundu manne. Mvuvi akirudisha rili na nta imevunjika, Sikio haitengenezi tena. Atafute fundi mwingine, na fundi mwingine hakuwepo.

Alijivunia nta ile kuliko watoto wake, na watoto wake walikuwa wamefaulu. Kila rili ilipoletwa kusafishwa alikuwa akiiangalia kwanza nyota, anakuta nta nzima, matundu manne yanamtazama, anawaambia waliopo, "Mmeona? Papa wangapi hapo, na nyota haijaguswa. Kipimo cha Sikio hakihitaji msaidizi." Wavuvi wanatazamana, wanasema kweli, fundi. Usione vinaelea, vimeundwa.

Mambo yaligeuka klabu ilipopata mwenyekiti mpya, bwana mmoja aliyekuwa akiuza majokofu. Siku hizo hizo akaja mtafiti, mwanamke wa makamo mwenye kofia kubwa na maneno machache. Kazi yake ilikuwa kuhesabu papa. Alitaka wavutwe mpaka ubavuni mwa boti, wapimwe urefu, wabandikwe alama kwenye pezi la mgongo, waachiwe. Safari nne kwa wiki, miaka miwili. Mwenyekiti akaitisha kikao, akasema kazi ya kisasa inataka vifaa vya kisasa, fimbo na rili mpya zitaagizwa. Zile za zamani, arobaini zote, zitapakwa vanishi na kutundikwa ukutani katika ukumbi wa chakula, ziwe pambo. Chumba cha nyuma kitakuwa cha jokofu.

Sikio alikuwa amekaa nyuma na mikono yenye grisi. Kutundikwa ukutani rili zile na kutundikwa yeye ilikuwa kitu kimoja, maana baada ya hapo angebaki na nini cha kusikiliza? Akasimama. Akamwambia mwenyekiti kwamba hizo mpya za plastiki zikimwona papa zitampigia magoti, na kwamba rili zake yeye zilikuwa zinashika papa wakati baadhi ya watu wanashika milango ya majokofu. Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti naye akacheka, na mtu wa biashara akicheka mwisho, jihadhari.

"Sawa, fundi," akasema. "Jumatano chukua mbili uzipendazo. Nenda nazo mwenyewe, nisije nikaambiwa wavuvi wameziharibu. Zikifanya kazi, zote arobaini zinabaki kazini na chumba ni chako. Ikishindwa hata moja kwa sababu ya uzee wake, zote ukutani."

Neno "mwenyewe" lilimkumbusha Sikio viatu vya mwenye boti. Lakini alikuwa ameshajipiga kifua mbele ya watu sitini, na kifua kikishapigwa hakiwezi kurudishiwa sauti yake.

Jumatano asubuhi mke wake alimtilia mfukoni vipande vya tangawizi na mifuko saba ya plastiki. Akamwuliza kama saba itatosha. Sikio akasema moja ni nyingi. Botini walikuwa watatu: yeye, mtafiti, na nahodha, ambaye ni kaka wa mke wake. Huyu shemeji alikuwa mtu mpole, mwenye mabega ya mlango na sauti ya jirani anayeomba chumvi. Alikuwa akivua na rili za Sikio toka siku ile Sikio alipokuja kumposa dada yake.

Kabla ya kutoka nje ya ukuta wa bandari mifuko miwili ilikuwa imeshajaa. Kufika maji ya bluu, minne. Sikio akajilaza chini kwenye mbao, shavu juu ya sakafu, ndoo karibu, akawa anatoa maagizo kutoka huko chini kama mfalme aliyeanguka kitandani. Fimbo mbili zilisimama nyuma ya boti, nta nyekundu iking'aa kwenye kila moja.

Saa nne kasoro papa wa kwanza akala. Rili ikalia. Si kelele ya kuharibika, ni sauti nene, ya mfululizo, na Sikio akainua kichwa akiwa na rangi ya sabuni, akatabasamu. Mtafiti akashika usukani. Shemeji akakaa kwenye kiti cha kupigana na papa, akajifunga mikanda, na uzi ukawa unakwenda, unakwenda. Kidole gumba chake kikasogea kwenye nyota.

"Usiguse nta," Sikio akasema kutoka sakafuni.

"Shemeji, uzi umeshafika nusu."

"Nimeipima. Kilo kumi na mbili."

"Umeipima mezani, shemeji."

"Na meza haijawahi kunidanganya. Toa kidole."

Shemeji akatoa kidole. Miaka yote alikuwa hajabishana na mume wa dada yake, na hakuona sababu ya kuanzia pale, mbele ya mgeni. Uzi ukaendelea kutoka. Sikio, shavu kwenye mbao, akasikia sauti ya rili ikipanda. Ile nene ikawa nyembamba, ikapanda tena, ikawa kama mluzi. Hii hakuwa ameisikia hata siku moja katika maisha yake, maana mezani hakuna mtu anayevuta mita mia nne. Lile sikio lilimwambia kuna kitu hakiko sawa. Akajiambia itatulia. Kisha ukasikika mlio mkavu kama wa kiberiti, fimbo ikanyooka, na shemeji akarudi nyuma kwenye kiti, fimbo nyepesi mikononi.

Mtafiti akazima injini, akaandika kwenye daftari lake. Papa ameondoka na ndoana, na zaidi ya mita mia nne za uzi nyuma yake. Alisema tu kwamba ndoana itaoza yenyewe baada ya wiki kadhaa. Kuhusu uzi hakusema, na Sikio akaona ni afadhali angesema.

Akaanza kwa kusema uzi ulikuwa mbovu. Mtafiti akamjibu kwa adabu kwamba uzi ni wake, umetoka kwenye boksi jana, na aliupima. Basi, akasema Sikio, ni fundo. Fundo alilifunga shemeji. Shemeji akatazama maji, akasema inawezekana.

Wakakaa. Jua likapanda likawa juu ya vichwa, tangawizi ikaisha, mfuko wa sita ukatumika. Ilipokaribia saa saba fimbo ya pili ikapinda mpaka ncha ikanusa maji.

Safari hii shemeji hakuuliza. Alikaa, akajifunga mikanda, macho kwenye maji, na bila kuangalia akapitisha ukucha wa kidole gumba chini ya nta. Nta ikatoka yote mara moja, kipande kimoja, kama ganda la karanga iliyokaangwa vizuri. Kikadondoka sakafuni karibu na pua ya Sikio, matundu manne yakamtazama.

Sikio alikuwa na kichefuchefu, hakuwa mjinga. Mkono unaotoa nta namna ile haujaanza leo. Alipotaka kupiga kelele alikuta anachotazama kinamzuia. Uzi ulivyokuwa ukitoka, shemeji alikuwa akiirudisha nyota nyuma, kidogo tu, upana wa punje. Unatoka tena, anairudisha tena. Sauti ya rili haikupanda. Ilibaki nene, ile ile, mpaka papa akapunguza mwendo, akageuka. Shemeji akaanza kukusanya, na kila uzi ulivyojaa akawa anakaza punje kwa punje.

"Toka lini?" Sikio akauliza.

"Toka mwanzo, shemeji."

"Wewe peke yako?"

Shemeji akapumua. Akasema, huku akizungusha mkono, kwamba ni wote. Afungue sanduku la vifaa pale chini ya kiti. Sikio akajivuta akafungua. Kati ya koleo na visu kulikuwa na kipande cha mshumaa mwekundu, kiberiti, na kifungo cha koti chenye matundu manne kimefungwa kwenye kijiti. Kila boti inacho, shemeji akasema. Wakikaribia ukuta wa bandari wanapunguza mwendo, mmoja anadondosha, mmoja anagonga. Wangefanyaje, na asingewatengenezea tena? Na kumwambia mtu kama yeye, kwa ulimi alionao, nani angethubutu?

Sikio akakaa kitako, mara ya kwanza toka asubuhi. Akahesabu rili zote alizozipokea na kuwaonyesha watu, mmeona, haijaguswa. Kama ni kuchekwa, alichekwa kwa heshima kubwa, na kwa nta nyingi.

Akauliza kwa nini. Shemeji akamwambia aitazame rili yenyewe. Ikijaa uzi ni gurudumu pana, mtoto analizungusha. Uzi ukitoka linabaki gurudumu jembamba kama kikombe, breki ni ile ile, lakini kulizungusha kunataka nguvu mara mbili, mara tatu. Kumi na mbili yake inakuwa ishirini na nne, inakuwa thelathini na sita, na yeye mwenyewe ndiye anayejua uzi unakatika kwa ngapi. Mtu aliyeanza maisha kwenye gia za baiskeli hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Wala hakupenda kwamba ameelewa haraka hivyo.

Papa aliletwa ubavuni baada ya dakika hamsini. Urefu wake ulikuwa mita tatu na kitu, mgongo wa kijivu, jicho jeusi lisilomtafuta mtu. Mtafiti akainama, akapima, akabandika alama kwenye pezi, akachomoa ndoana kwa koleo ndefu. Papa akabaki pale kidogo, kama anayekumbuka alikuwa anakwenda wapi, akazama. Sikio alimtazama mpaka mwisho. Halafu akatumia mfuko wa saba.

Njiani shemeji alipunguza mwendo karibu na ukuta wa bandari, kwa mazoea, akaona anachofanya, akaongeza tena. Hakuna aliyewasha mshumaa.

Gatini mwenyekiti alikuwa anangoja, na pembeni yake seremala mwenye tepu shingoni, ameshatoka kupima ukuta wa ukumbi. Wavuvi kama kumi walikuwa wamesimama karibu wakijifanya wanakunja nyavu. Mwenyekiti akamwomba mtafiti matokeo. Mtafiti akasoma kama yalivyo: papa wawili waliokula, mmoja amepimwa na kuwekewa alama, mmoja amepotea na uzi. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huruma ya dukani. Akasema si kosa la mtu, chuma kinazeeka, ngozi inakauka, na kwamba rili ya pili imebahatika tu. Akamgeukia seremala.

Shemeji akasogea mbele. "Ni fundo langu, mwenyekiti," akasema kwa ile sauti yake ya kuomba chumvi. "Nililifunga vibaya."

Njia ilikuwa wazi hapo. Sikio angenyamaza tu, rili zingepona, na jina lake nalo lingepona, na mshumaa wa shemeji ungefanya kazi miaka mingine thelathini. Wavuvi waliacha kukunja nyavu. Wote walikuwa wanamtazama, na yeye akawatazama mmoja mmoja, akijua kila mmoja ana kifungo cha koti kwenye sanduku lake. Bado alikuwa anayumba, nchi kavu ilikuwa haijatulia chini ya miguu yake. Akamshika shemeji mkono, akamrudisha nyuma.

Zile fimbo arobaini ziko kazini mpaka leo, na chumba bado kina redio ya stesheni moja. Seremala alikunja tepu yake akaenda zake. Alichosema Sikio siku ile, mbele yao wote, kilikuwa hiki tu:

"Fundo lilikuwa zima na rili ni nzima. Mimi niliipima breki uzi ukiwa umejaa, nikakataza isilegezwe uzi ukipungua. Nilikosea."